Kazi ya maji kujaa na kazi ya kupwa: namna ya kupanga shughuli zako kwa hali uliyonayo

Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani hawapangi shughuli zao kwa Jumatatu na Jumanne. Wanaangalia maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua hutoka mbali, nao huwa mashambani mwao ufuoni wakifunga na kuvuna. Yakija maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, basi hurudi kwenye kazi za nchi kavu: kukausha, kujaza magunia, kusuka ukili, kwenda mjini. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sijapata kumsikia mkulima akijilaumu kwa kutofunga mwani siku ya maji mafu. Siku hiyo ina kazi zake nyengine.

Sisi tunaofanya kazi za mezani, za dukani na za nyumbani tumejinyima hekima hiyo. Tunaamka na orodha moja ndefu, tunaianza kutoka juu, na saa nane mchana, wali umeshashuka, tunajilazimisha kuandika ripoti na kichwa kimeshakupwa. Ripoti haiandikiki. Na zile risiti zilizotaka mikono miwili na dakika ishirini tu, nazo pia hazikupangwa.

Ninachokupa hapa ni njia ya kuigawa orodha hiyo kwa hali tatu: mwili una nguvu kiasi gani, kichwa kiko wazi kiasi gani, na moyo ukoje. Tafuta daftari la skuli na kalamu.

Hatua ya kwanza: jipime kabla hujapanga chochote

Kwa wiki moja usibadilishe kitu. Fanya kazi zako kama kawaida, ila kila adhana ikiadhiniwa, au ukishasali, andika mstari mmoja wenye alama tatu: mwili, kichwa, moyo. J ni juu, K ni kati, C ni chini. Hapa kwetu adhana ni kengele isiyohitaji betri, na husikika hata kwa aliyeisahau simu nyumbani. Kuna kasoro moja tu: kutoka alfajiri hadi adhuhuri ni mwendo wa karibu saa saba, na humo ndimo mnamopita saa bora za watu wengi. Kwa hiyo ongeza alama moja ya saa nne, wakati wa chai.

Pembeni ya kila C andika sababu kwa neno moja au mawili. “Sikulala.” “Njaa.” “Umeme ulikatika, joto.” “Nimegombana.” Usiandike “uvivu”, neno hilo halikufundishi kitu.

Wiki ikisha utaona umbo. Kwa watu wengi kichwa hupanda asubuhi, huzama kati ya saa saba na saa tisa mchana, kisha hupanda tena alasiri. Usiulaumu wali peke yake. Mzamo wa mchana huwapata hata wasiokula, maana unatokana na saa iliyo ndani ya mwili wenyewe. Biriani huuongeza tu. Saa hiyo si maneno ya mtaani. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza namna inavyofanya kazi ndani ya seli, baada ya kuichunguza kwa nzi wadogo wa matunda.

Wapo ambao umbo lao ni kinyume, wanaochangamka usiku. Vijana wa umri wa skuli za sekondari wengi wako hivyo, kwa sababu katika umri ule saa ya mwili husogea mbele. Yule wa miaka 16 anayeburuzwa kitandani alfajiri na kuchanua saa nne usiku si lazima awe mkaidi. Mpe hesabu afanye jioni, asubuhi mwachie kufagia uwanja.

Tahadhari moja kuhusu kahawa ya barazani. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, ingawa watu hutofautiana. Vikombe vya saa mbili usiku, na kashata pembeni, nusu ya kafeini yake bado unayo mwilini saa saba usiku. Ukijipima katika wiki hiyo, utakachokiandika asubuhi ni hali ya kahawa. Sisemi uache baraza, nani ataacha? Sema na muuza kahawa akutilie mapema zaidi, au nenda kwa mazungumzo tu.

Hatua ya pili: mwaga kila kitu kwenye karatasi

Kaa mahali pamoja na uandike kila unachodaiwa kukifanya, kikubwa na kidogo, bila mpangilio. Ada, kitasa cha mlango, barua ya sheha, kumjulia hali shangazi, kununua umeme wa Tukuza (ule wa kulipia kabla), mahesabu ya duka, kanzu iliyoko kwa fundi. Kichwa hakiwezi kushika mambo mengi kwa pamoja, na kinachobaki kichwani bila kuandikwa hukusumbua hasa saa ambazo huna la kukifanyia. Endelea kuongeza kwa siku mbili tatu.

Hatua ya tatu: fungua kurasa tano

Wako wanaofungua kurasa kumi na mbili zenye rangi. Wanachoka kabla ya kazi. Tano zinatosha.

*Maji kujaa.* Kichwa kiko wazi na mwili upo. Hapa weka zile tu zinazoharibika ukizifanya na usingizi: kuandika maombi ya kazi, kujaza fomu ya mkopo wa chuo kikuu, kufunga mahesabu ya mwezi, kusomea mtihani, kukata kitambaa cha mteja (kukishona kunaweza kungoja, mkasi ukishapita haurudi). Ukurasa huu uwe mfupi. Mtu mwenye mistari thelathini humu anajidanganya. Nusu yake ni kazi za mikono zilizovaa koti.

*Mikono.* Kichwa kimechoka, mwili bado. Kufua, kupiga pasi, kukuna nazi, kupeleka baiskeli kwa fundi, kwenda soko la Darajani, kumwagilia miche. Mtu aliyetoka kufundisha vipindi vitano mfululizo hupumzika kwa kazi hizi kuliko kwa kulala.

*Kitako.* Mwili umechoka, kichwa kipo. Mjamzito, mtu aliyesimama dukani kutwa, mwenye mguu unaouma. Kupiga simu za kuulizia, kulinganisha bei, kupanga menyu ya wiki, kusikiliza mawaidha au somo, kumsimamia mtoto kazi za skuli.

*Kupwa.* Vyote viko chini. Huu ndio ukurasa ambao watu hawana, na kwa maoni yangu ndio unaoleta tofauti kubwa. Wanawake wanaochokoa pweza miambani wanangoja maji yatoke. Yakiwa yamejaa, kazi yao haipo. Vivyo hivyo ziko kazi ambazo ukizifanya ukiwa mzima unapoteza uzima wako: kuchambua mchele, kufuta picha kwenye simu, kupanga risiti kwa tarehe, kukunja nguo, kunoa penseli za watoto, kununua Tukuza kwa simu, kuendelea na viua vya kofia ambayo mchoro wake umeshapigwa. Angalia hapo: kuchora na kuhesabu mapambo ya kofia ni kazi ya maji kujaa, kushona viua vinavyojirudia unaweza huku unasikiliza redio na macho nusu yamefumba. Kazi moja, kurasa mbili.

Ukurasa wa kupwa uwe na mistari mingi kuliko wote. Usipokuwepo, saa za uchovu zitaliwa na video za simu, na utaamka na uchovu uleule pamoja na majuto juu yake.

*Moyo.* Huu ugawe kwa mistari ya kulala, kila hisia na kazi zake.

Ukiwa na hasira: kusugua masufuria, kufagia uwanja, kufua mapazia, kuvunja mbao za kuni. Orodha hii iwe na upande wa pili wa mambo ya *kutofanya*: kujibu ujumbe kwenye kundi la ukoo, kuongea na mwenye nyumba, kumkaripia mwanafunzi. Ujumbe wa hasira uandike daftarini, uusome tena baada ya isha.

Ukiwa na huzuni: kazi yenye mtu ndani yake. Kumtembelea mgonjwa, kumsuka nywele mtoto, kwenda kumsaidia mama jikoni. Kazi za peke yako siku hiyo huzama.

Ukiwa na wasiwasi usiojua unatoka wapi: kazi ndogo zenye mwisho unaoonekana. Kitasa. Balbu. Kifungo cha shati.

Na ukiwa na furaha usiipoteze kwa kuosha vyombo. Siku ya bashasha ndiyo ya kupiga simu ngumu: kuomba msamaha, kuomba kazi, kudai deni. Ndiyo, deni. Anayedai huku amenuna hurudi na ugomvi, anayedai huku anacheka, “Haya mwanangu, na ile amana yangu je?”, huwa na bahati zaidi ya kurudi nayo.

Hatua ya nne: vunja mistari mikubwa, kila kipande kiende ukurasani kwake

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mstari mmoja: “Kutengeneza paa.” Umeandikwa Disemba, kaskazi inavuma, jua kali, hakuna anayefikiri mvua. Januari upo. Februari upo. Machi masika yanabisha hodi nao bado upo, maana kila ukiutazama unakuuliza kila kitu kwa wakati mmoja: fedha, fundi, ngazi, bati. Hakuna hali ya mtu inayolingana na mstari huo, ndiyo maana haufanyiki.

Sasa uvunje. Kupanda, kuhesabu mabati yaliyotoboka na kuandika vipimo: hiyo ni maji kujaa, na iwe asubuhi kabla bati halijawaka moto. Kwenda Mwanakwerekwe kuulizia bei na kuziandika tu, bila kuamua: mikono. Kuziweka bei pamoja na kuchagua kati ya bati la geji 28 na lile jembamba zaidi la geji 30: kitako, jioni, na mwenzako pembeni, kwa sababu bati jembamba ni rahisi leo na ghali baadaye. Kumpigia fundi simu: ukurasa wa moyo, siku ya bashasha, hasa kama alikula arbuni ya mtu mwaka jana na wewe unalijua hilo. Kutoa mizigo darini: mikono tena, au hasira, inafaa sana kwa hasira. Kutafuta turubali na kuhesabu ndoo zilizo nzima: kupwa.

Jiwe lililokaa miezi mitatu limekuwa vijiwe sita, na karibu katika hali yoyote utakayoamka nayo kipo kimoja unachoweza kukisogeza.

Anza kila kipande kwa kitendo: kuhesabu, kupiga, kupeleka, kuandika. “Pasipoti” si kazi. “Kupiga picha za pasipoti” ni kazi.

Hatua ya tano: andika mlango wa kila kazi

Hali yako si kitu pekee. Ofisi nyingi za serikali hufunga saa 9:30 alasiri, na Ijumaa ikishafika saa sita usitegemee faili kutembea. Mitaa mingine maji ya mfereji huja usiku wa manane. Kujaza ndoo hakungoji uchangamke. Kwa kazi za namna hii weka alama ndogo mbele ya mstari: *ofisi*, *mjini*, *umeme*, *maji*, *boti*.

Boti nimeitaja kwa sababu wasafiri wa Pemba hujidanganya sana nayo. Unabeba makabrasha ya kusoma njiani, kusi inavuma, na baada ya Nungwi unashika mfuko wa kutapikia badala ya kalamu. Kwa safari hiyo weka kazi za masikio, au usiweke chochote. Ukishuka bandari ya Mkoani bado una safari ya gari hadi Chake au Wete, nayo usiihesabu kuwa ni muda wa kusoma.

Hatua ya sita: namna ya kuchagua

Ukipata nafasi, jiulize kwa mpangilio huu: mlango upi uko wazi? Nina muda gani? Niko vipi? Fungua ukurasa wa hali yako, chukua mstari wa kwanza unaoingia katika muda huo, anza. Usirudi kusoma kurasa zote, maana kusoma orodha ni starehe inayojifanya kazi.

Utasema, je, hiki si kichaka cha wavivu? Kinaweza kuwa. Kila kazi nzito mtu atadai kuwa leo amekupwa. Dawa yake ni dakika kumi: kaa na kazi ya maji kujaa kwa dakika kumi kamili, simu iko chumba cha pili. Kichwa kikifunguka, ulikuwa umezubaa tu. Kikikataa, hamia ukurasa mwengine bila kujilaumu.

Na zile za lazima leo? Ziandike asubuhi kwenye kikaratasi, zisizidi tatu, uziweke mfukoni. Hizi haziulizi hali. Zikikukuta umechoka una njia mbili. Ya kwanza ni kuipunguza kazi: badala ya kumaliza ripoti, andika ukurasa ule tu ambao mkubwa wako atausoma kwanza. Ya pili ni kuinua hali: kunywa maji, kuoga, kutembea hadi dukani na kurudi, udhu wa maji baridi. Au kulala kailula, dakika ishirini hivi. Ukilala saa nzima unaingia usingizi mzito, na ukiamshwa humo utaamka mjinga zaidi ya ulivyolala.

Ramadhani na misimu

Daftari la Shaabani halifai Ramadhani. Wengi huwa na kichwa chepesi baada ya daku na alfajiri hadi saa nne hivi, kisha huteremka hadi futari, halafu baada ya tarawehe kunakuja mwamko wa pili. Jipime upya siku tatu za mwanzo, uhamishe kazi nzito asubuhi mapema, na alasiri iachie mikono, ambayo kwa akina mama tayari ina chungu cha futari. Mikutano ya saa tisa mchana mwezi huo ingefaa kupigwa marufuku, lakini sina cheo hicho.

Kaskazi ikizidi joto, na kusi ikileta baridi ya Juni na Julai, umbo la siku husogea pia. Pima tena.

Kama saa zako bora si zako

Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza ameshaitumia asubuhi yake kabla sisi hatujaamka. Kumwambia “fanya jambo lako kubwa asubuhi” ni kumtania. Akijipima huenda akagundua nusu saa moja, labda baada ya kuuza na kabla watoto hawajarudi, ambapo kichwa bado kipo. Hiyo moja ailinde: mlango ufungwe, jirani aambiwe “nipo, lakini si sasa hivi, shoga”. Nusu saa yenye kichwa inatosha kwa mahesabu ya mtaji, ambayo usiku yangekula saa mbili na yakatoka yamekosewa.

Na jifunze maji ya wenzako nyumbani. Usimuulize baba habari za ada anapotoka baharini na chombo kitupu. Ngoja ale, aoge, asali. Swali ni lilelile, jibu ni tofauti.

Mapitio

Mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi kwa mfano, futa zilizokwisha na ongeza mpya. Mstari uliokaa wiki nne bila kuguswa katika hali zote haukosi nguvu, una kitu chengine: unauogopa, hujui hatua yake ya kwanza, au si wako na mtu kakutwika. Amua ni kipi, kisha uuvunje, uulize, au uurudishe kwa mwenyewe.

Angalia na zile C. Zikijaa wiki mbili mfululizo, mwili au moyo, usinunue daftari jengine. Nenda kituo cha afya upimwe. Upungufu wa damu huchosha, na sonona huchosha pia, na zote mbili zina tiba.

Kuhusu simu: programu yoyote ya noti inafaa, anza kila mstari kwa neno la hali yake, kisha utafute kwa neno hilo. Ila ukurasa wa kupwa uache kwenye karatasi. Ukiuweka kwenye simu, saa ile ya uchovu utaufungua, utaona taarifa ya kundi juu yake, na risiti zitalala tena chini ya mto.